Kazi Isiyo na Ukingo: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Aliyeelemewa na Uchovu wa Kazi

Seremala akimaliza kutengeneza kiti, kiti kimekwisha. Mwalimu akimaliza kuandaa somo, bado anaweza kuliandaa vizuri zaidi, na akifunga daftari la mwisho la kusahihisha, bado yupo mwanafunzi ambaye angefaidika na maelezo marefu kidogo. Ualimu ni kazi isiyo na ukingo, na kila usipokuwepo ukingo, mwenye bidii huendelea mpaka nguvu zimwishie. Mwongozo huu unasimama juu ya hoja moja: uchovu wa mwalimu hautibiwi kwa mapumziko peke yake, kwa sababu mtu aliyepumzika akirudishwa chini ya mzigo ule ule atachoka tena vile vile. Mzigo upimwe kwanza, kisha upunguzwe, na ndipo mapumziko yatakapokuwa na maana.

Hatua ya kwanza: Tambua unachokabiliana nacho

Msongo wa kazi na uchovu sugu wa kazi ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Msongo ni mwitikio wa mwili na akili pale madai yanapozidi uwezo wa wakati huo: homoni za adrenalini na kotisoli hupanda, moyo huenda mbio, na usingizi hukatika. Msimu wa mitihani ukipita au mkaguzi akiondoka, mwili hutulia. Uchovu sugu huja pale msongo unapodumu kwa miezi bila nafasi ya kutulia, na tofauti yake kubwa ni kwamba chanzo kikiondoka kwa muda, nguvu hazirudi.

Jambo hili lilipewa jina la “burnout” katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1974 na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, ambaye alijitolea katika zahanati ya bure mjini New York na kuona wenzake waliojitoa kwa moyo wote wakiisha nguvu mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1981 watafiti Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo cha maswali cha kuupima uchovu huo, ambacho baadaye kilitengenezewa toleo la waelimishaji. Shirika la Afya Duniani limeliweka jambo hili katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, likilieleza kuwa ni hali inayotokana na msongo sugu wa kazini ambao haujadhibitiwa vyema, wala halikuliita ugonjwa. Maelezo hayo yana uzito kwa mwalimu, maana yanaielekeza lawama kwenye mpangilio wa kazi na kuiondoa kwenye udhaifu wa mtu.

Dalili zake zimegawanyika katika mafungu matatu. La kwanza ni kuishiwa nguvu: unaamka ukiwa umechoka kama ulivyolala, na jioni ya kuamkia wiki ya kazi tumbo linaanza kusokota. La pili ni kujitenga na kazi na watu wake: wanafunzi uliokuwa ukiwaita kwa majina wanageuka kuwa “hawa watoto”, kejeli inatangulia jibu, na unafurahi ukisikia mwanafunzi msumbufu hakuja. La tatu ni kujiona hufai: somo ulilolifundisha kwa miaka linaisha nawe huamini kwamba kuna aliyeelewa. Kwa maoni yangu fungu la pili ndilo la kulichunga zaidi, kwa kuwa wenzako huliona kabla yako, na mwalimu mwenyewe huona aibu kulikiri.

Kabla ya kuhitimisha kwamba ni kazi, muone daktari. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na kisukari huleta uchovu unaofanana kabisa na huu, na vipimo vya damu vinaweza kuvibaini. Sonona nayo hufanana nao, ila mara nyingi haibaki kazini: humfuata mtu nyumbani, kwenye sherehe na hata likizoni, ikimnyima raha ya mambo ambayo hayahusiani kabisa na shule. Ikiwa unapata mawazo ya kujidhuru au ya kutotaka kuishi, usiendelee na hatua zinazofuata. Mwambie leo hii mtu unayemwamini na uende naye kwenye kituo cha afya.

Hatua ya pili: Upime mzigo kwa wiki mbili

Mwalimu aliyechoka akiulizwa kinachomchosha hujibu “kila kitu”, na jibu hilo, hata likiwa la kweli, halifanyiki kazi. Chukua daftari dogo na uandike, kwa wiki mbili za kawaida zisizo za mitihani, kila kazi ya shule na dakika ilizokula: kufundisha, kuandaa, kusahihisha, kujaza fomu na ripoti, zamu, vikao, simu za wazazi, ushauri kwa wanafunzi. Andika papo hapo, kwa sababu kumbukumbu ya jioni hukuza yaliyoudhi na kuyasahau yaliyopita kimyakimya. Pembeni mwa kila kazi weka alama ya kuongeza ikiwa imekupa nguvu, na ya kutoa ikiwa imekunyonya.

Alama hizo zina sababu. Mwaka 2001 mtafiti Evangelia Demerouti na wenzake walieleza kuwa uchovu hukua pale madai ya kazi yanapokuwa makubwa, na hali ya kujitenga na kazi hukua pale nyenzo zinapopungua, yaani msaada wa wenzako, uhuru wa kuamua, mrejesho na vifaa. Saa nyingi si lazima ziwe adui mkuu. Unaweza kugundua kwamba saa nzima ya klabu ya mdahalo baada ya vipindi imekuacha mchangamfu, ilhali kipindi kimoja cha kushikilia darasa la mwenzako, ulichoarifiwa mlangoni dakika tatu kabla, kimekuharibia siku.

Mwisho wa wiki mbili, jumlisha, kisha uyapitie maeneo sita ambayo Maslach na Michael Leiter waliyataja kuwa ndimo mtu na kazi yake hupishana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, kuthaminiwa, mshikamano wa wafanyakazi, haki, na maadili. Jiulize ni lipi linalokuuma zaidi. Swali hili huokoa muda mwingi, kwa sababu mwalimu anayeumizwa na ugawaji wa zamu usio wa haki hatapona kwa kupunguziwa madaftari, na yule anayelazimishwa kupandisha alama ambazo wanafunzi hawakuzipata ana jeraha la maadili ambalo usingizi hauliponyi.

Hatua ya tatu: Ufyeke usahihishaji

Nimeupa usahihishaji nafasi ndefu kwa sababu ndio mzigo mkubwa ulio mikononi mwa mwalimu mwenyewe. Ratiba hupangwa na wengine, lakini namna ya kusahihisha mara nyingi ni uamuzi wako. Anza na hesabu. Darasa la wanafunzi 45, kwa dakika 4 kila daftari, ni dakika 180, yaani saa 3 kwa zoezi moja. Ukiwa na madarasa matano ya namna hiyo na zoezi moja kwa wiki, ni saa 15 juu ya vipindi vyako vyote. Hakuna moyo wa kujitolea unaoweza kushindana na hesabu hiyo kwa mwaka mzima.

Njia ya kwanza ya kuipunguza ni kutenganisha kusoma na kuandika. Kinachokula muda ni kuandika maoni yale yale mara 45. Yasome madaftari yote bila kuandika ndani yake, ukiwa na karatasi moja pembeni. Andika humo makosa yaliyojirudia, mifano mizuri ya kusomwa darasani, na majina ya wachache wanaohitaji kuitwa. Kipindi kinachofuata kianze kwa dakika kumi za kuyafundisha upya makosa hayo, kisha wanafunzi wajirekebishe wenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kwa dakika moja na nusu kwa daftari, saa 3 zinashuka kuwa saa moja na dakika chache, na mwanafunzi anaufanyia kazi mrejesho badala ya kuangalia alama na kufunga daftari.

Njia ya pili ni kusahihisha ukiwa darasani. Wanafunzi wakiwa kwenye zoezi, pita ukitia alama kazi inayoendelea, ukianza na wale unaojua kuwa wanakwama. Kosa linalorekebishwa wakati wino haujakauka halihitaji maoni ya baadaye. Njia ya tatu ni kuamua mapema kila zoezi linasahihishwa kwa kiwango gani: mazoezi ya kila siku wanafunzi wasahihishe wenyewe kwa majibu yaliyo ubaoni, kazi ya kati isomwe kama ilivyoelezwa hapo juu, na insha au jaribio la mwisho wa mada ndilo lipate maoni ya kina. Waeleze wanafunzi mpango huo, na wazazi pia, ili daftari lisilo na wino mwekundu lisichukuliwe kuwa limetelekezwa.

Pengine shule yako ina kanuni inayotaka kila ukurasa uwe na saini ya mwalimu. Usiivunje kimyakimya. Ipeleke pamoja na hesabu yako kwenye mazungumzo ya hatua ya sita.

Maandalizi ya masomo yanahitaji maneno machache tu. Yape muda unaokwisha, tuseme dakika 30 kwa somo jipya na 10 kwa somo la zamani, na muda ukiisha, fundisha na ulichonacho. Hifadhi kila andalio, liandikie mstari mmoja wa kilichokwama, na ugawane mada na mwalimu wa mkondo mwingine.

Hatua ya nne: Ulinde moyo na sauti darasani

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild alieleza kazi ya hisia: sehemu ya ajira inayomtaka mtu aonyeshe hisia fulani na kuzificha nyingine ili apate ujira wake. Mwalimu huifanya kazi hiyo kipindi baada ya kipindi. Amepokea habari mbaya asubuhi, lakini anaingia na kutabasamu. Ametukanwa na mwanafunzi, lakini anatakiwa kujibu kwa utulivu mbele ya macho arobaini. Kuigiza hisia usizokuwa nazo, siku nzima, huchosha kuliko kusimama.

Dawa yake ya kwanza ni kupunguza idadi ya maamuzi yanayofanywa kwa hasira. Andika, ukiwa umetulia, utakachosema na kufanya mambo matano yanayokusumbua zaidi yanapotokea: mwanafunzi anayechelewa, anayeongea ukifundisha, asiyefanya kazi ya nyumbani, anayekujibu vibaya, na wawili wanaogombana. Sentensi ziwe fupi na zilezile kila siku. “Kaa, tutazungumza baada ya kipindi” ikitamkwa kwa sauti ya chini inafanya kazi kubwa kuliko hotuba, na kwa kuwa uliiandaa, haikugharimu chochote. Mwanafunzi aliyezoea kukuchokoza ili aone utafanya nini leo atakosa tamasha.

Ya pili ni sauti. Walimu ni miongoni mwa makundi ya kazi yanayoongoza kwa matatizo ya sauti, na koo linalouma humfanya mtu aanze siku akiwa tayari ameshindwa. Kunywa maji mara kwa mara, simama karibu na unaozungumza nao, tumia ishara ya kunyamazisha darasa badala ya kupaza sauti, na upange kila siku angalau kipindi kimoja ambacho wanafunzi ndio wasemaji wakuu. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, nenda ukachunguzwe.

Ya tatu, usiibebe aibu ya kushindwa peke yako. Tafuta mwenzako mmoja ambaye mtaelezana bila kupamba jinsi mambo yalivyokwenda. Tahadhari moja tu: ofisi ya walimu ambamo malalamiko hayaishi huongeza uchovu, kwa hiyo jiwekeeni utaratibu kwamba kila aliyelalamika aseme pia kesho atajaribu nini.

Hatua ya tano: Uchore ukingo

Kwa kuwa kazi haina ukingo wake, utauchora wewe. Chagua saa ambayo kazi ya shule inakoma, hata ikiwa ni kwa siku tatu tu za wiki mwanzoni, na uiheshimu kama unavyoheshimu kengele. Ukilazimika kubeba kazi nyumbani, ifanyie mahali pamoja na uifungie hapo. Madaftari yaliyotapakaa sebuleni yanakuita hata usipoyafungua.

Simu ndiyo mlango ulio wazi zaidi. Kundi la WhatsApp la wazazi lililoanzishwa kwa nia njema hugeuka kuwa ofisi isiyofungwa. Tuma ujumbe mmoja wenye adabu: “Wazazi wapendwa, nitasoma na kujibu ujumbe siku za kazi kabla ya saa 11 jioni. Jambo la dharura linalohusu usalama wa mtoto lipelekwe moja kwa moja ofisi ya shule.” Kisha zima arifa za kundi hilo. Wiki ya kwanza utajihisi mkosaji. Vumilia, maana ukijibu ujumbe mmoja saa 4 usiku umefuta tangazo lako lote.

Hapa ndipo utakaposikia kwamba ualimu ni wito. Ni kweli, lakini msemo huo mara nyingi huletwa wakati wa kuongezwa kazi na husahaulika wakati wa kugawa nyenzo. Aliyeitwa naye hulala.

Hatua ya sita: Zungumza na mkuu wa shule ukiwa na karatasi mkononi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mkuu wa shule, hata akiwa mtu mwema, anauona mzigo wako kwa mbali. Kazi ya daftari la wiki mbili ni kumtwisha mkononi kwa dakika chache auone uzito wake. Omba miadi, usilianzishe jambo hili koridoni wala katikati ya kikao cha walimu wote.

Fika na ukurasa mmoja wenye jumla ya saa kwa kila aina ya kazi, kisha omba jambo moja au mawili yanayowezekana. Kwa mfano: “Mwalimu Mkuu, nimepima kazi zangu kwa wiki mbili. Usahihishaji unachukua saa 15 kwa wiki na ripoti saa 4. Ninaomba ruhusa ya kusahihisha kwa kina zoezi moja kati ya matatu kwa muhula huu, na ninaomba nisipangiwe zamu siku ambayo nina vipindi saba. Mwisho wa muhula tuangalie matokeo ya wanafunzi pamoja.” Ombi la namna hii lina kikomo na lina kipimo, na mwenye madaraka hulikubali kwa wepesi kuliko kauli kwamba umechoka.

Ikibidi, rejea Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu lililopitishwa mwaka 1966 kwa ushirikiano wa UNESCO na Shirika la Kazi Duniani. Linasema kuwa katika kupanga saa za kufundisha izingatiwe idadi ya wanafunzi, muda wa kuandaa masomo na kutathmini kazi, idadi ya masomo tofauti kwa siku, usimamizi wa shughuli za nje ya darasa, na muda wa kuzungumza na wazazi. Si sheria inayoweza kumfikisha mtu mahakamani, ila linaonyesha kwamba unachokiomba kilishakubaliwa kuwa cha haki zamani. Baada ya mazungumzo, andika kwa ufupi mlichokubaliana na umpe nakala. Akikataa yote, mwakilishi wa chama chako cha walimu ndiye mlango unaofuata, na ombi la walimu wanne lina nguvu kuliko la mmoja.

Hatua ya saba: Pumzika kwa namna inayorudisha nguvu

Sasa mapumziko yana kazi ya kufanya. Watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, mwaka 2007, walibainisha mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: akili kuachana na kazi, kutulia, kujifunza au kufanya jambo lenye changamoto nje ya kazi, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako. La kwanza ndilo gumu kwa walimu, ambao hulala na mwanafunzi mmoja kichwani. Katika dakika tano za mwisho shuleni, andika mambo matatu ya kesho, kisha funga daftari. Akili huacha kulikariri jambo inapojua limehifadhiwa.

Usingizi usiopungua saa 7 kwa mtu mzima ni sehemu ya kazi. Vivyo hivyo mwendo wa mwili: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Kujitupa mbele ya simu mpaka usiku wa manane kunaweza kuonekana kama kupumzika, lakini kunakula usingizi wenyewe. Likizo ndefu nayo isiachwe ibebe kila kitu, kwa kuwa nafuu yake huyeyuka upesi wiki za kazi zinaporejea.

Hatua ya nane: Tafuta mtaalamu, na urudi kwa hatua

Ikiwa umefanya haya kwa wiki sita hadi nane na bado huna nguvu, au umeanza kutegemea pombe au dawa za usingizi ili siku ipite, muone daktari au mnasihi. Mpelekee daftari lako. Litamwonyesha kwa haraka kile ambacho ungekieleza kwa saa nzima. Likizo ya ugonjwa ikiandikwa, ichukue yote, bila madaftari.

Kurudi ndiko kunakoharibiwa mara nyingi. Mwalimu anarudi akiwa na deni la aibu, anachukua vipindi vyake vyote pamoja na vile ambavyo wenzake walimshikia, na baada ya mwezi yuko pale pale. Kabla ya siku ya kwanza, kubaliana na mkuu wa shule kwa maandishi: wiki mbili za mwanzo nusu ya vipindi ikiwezekana, hakuna zamu mwezi wa kwanza, na majukumu ya ziada yarudi moja moja. Wiki moja ya kila mwezi fungua tena daftari la kupima. Na yule mwenzako wa ofisini mpe dalili moja ya kukuangalia, ile iliyokutangulia safari iliyopita, iwe ni kula chakula cha mchana peke yako au kuacha kuwaita wanafunzi kwa majina, na umpe ruhusa ya kukwambia akiiona.